Mgonjwa Mmoja na Wazima Wawili

(Hotuba iliyosomwa Muhuta mbele ya mkutano wa Jumuiya, na kutiwa katika kitabu hiki cha kumbukumbu kwa ombi la Kamati)





Katibu wetu aliponiandikia barua aliniomba niseme juu ya elimu ya juu katika mambo ya tiba, na chini ya barua akaongeza kwa mkono wake kwamba nisipite nusu saa, kwa kuwa pilau ikipoa hairudi. Nitajitahidi kuutii wasia huo, ijapokuwa jambo lenyewe ni refu na mimi si msemaji.

Wanijuao wajua kuwa mimi ni mtoto wa mvuvi, na ya kuwa nimekuwa mwuguzi kwa miaka kumi na saba. Sasa, katika umri ambao wenzangu wamekwisha kuoza binti zao, nimerudi tena darasani kutafuta shahada ya pili. Mzee wangu mmoja, naye yupo hapa ukumbini, alinikuta juzi pwani nikamwamkia, akaniuliza: “Mwanangu, utasoma mpaka lini? Kuchoma sindano wajua, kuzalisha wajua, kushona jeraha wajua. Wajifunza nini tena?” Nalicheka, nikamwahidi ya kuwa jibu nitampa leo mbele ya watu. Basi haya yote nitakayoyasema ni jibu la swali lake, na nyinyi wengine mwasikiliza tu mazungumzo ya watu wawili.

Mzee wangu, mwaka 1992 nalikuwa mtoto wa miaka tisa, nikikaa Rumonge kwa shangazi yangu. Mwaka huo kipindupindu kilituingia. Wakubwa waliopo hapa hawahitaji kusimuliwa namna maradhi yale yanavyomchukua mtu. Asubuhi yuatengeneza nyavu, na jioni macho yamedidimia, ngozi imenywea, na sauti haitoki. Watu walikuwa na hofu, na mwenye hofu hakosi la kusema. Wengine walisema ni ndagala. Wengine walisema ni maembe. Wako walioapa kuwa maradhi yaliletwa na wageni waliovuka ziwa, na wako waliosema ni jicho la mtu. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alishika la ndagala. Akaapa kuwa samaki huyo hataingia tena nyumbani mwake mpaka mambo yatulie. Akanunua maharage, akayaosha ziwani. Na sisi watoto tukawa twaoga ziwani asubuhi na jioni, na kiu ikitushika tukiwa majini tuliinama tukanywa pale pale. Tulimkimbia samaki, tukayanywa maji yake.

Shangazi aliugua. Alikaa hospitali siku nne, akanyweshwa yale maji yenye chumvi na sukari, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu akarudi nyumbani. Kwa ajabu hakuacha kuwachukia ndagala mpaka siku ya kufa kwake.

Miaka mingi ikapita. Siku moja, nikiwa nimekwisha kuwa mtu mzima, nimeketi katika maktaba ya chuo nikisoma jarida la matabibu lipigwalo chapa London, liitwalo Lancet, toleo la mwaka 1997, nikaona jina la Rumonge. Nalistuka kama mtu aonaye picha ya baba yake ukutani mwa nyumba ya kigeni. Wachunguzi walikuwa wamekuja mwaka ule wa 1992, wakati maradhi yalipokuwa yakiua, wakafanya hesabu, na hesabu yao ikachapishwa miaka mitano baadaye kwa lugha ya Kiingereza. Nikaisoma mara tatu, kwani ilikuwa ni habari ya utoto wangu.

Nisikilizeni sasa, kwa maana hapa ndipo penye jibu la mzee wangu. Wachunguzi wale waliwachukua wagonjwa 56. Lakini hawakuishia kwao. Kwa kila mgonjwa mmoja walitafuta watu wawili wazima wanaolingana naye, wakapata wazima 112, na hao wote, mgonjwa na mzima, wakaulizwa maswali yale yale: mwanywa maji gani, mwaoga wapi, mwala nini. Kisha majibu ya wagonjwa yakapangwa upande mmoja na majibu ya wazima upande wa pili, yakatazamwa wapi yametengana. Yalitengana katika mambo mawili: kuyanywa maji ya ziwa, na kuoga ndani yake. Na kijidudu chenyewe cha kipindupindu kikapatikana katika maji ya Tanganyika.

Yawezekana mtu akauliza, kwa nini kumsumbua aliye mzima? Si yeye mwenye maradhi! Nami nasema kuwa siri yote iko kwa huyo mzima. Tufanye mfano. Tuseme wamewauliza wagonjwa peke yao, na karibu wote wakajibu kuwa walikula ndagala siku ya kuamkia maradhi. Hapana shaka tungalisema, basi, ndagala ndio adui. Lakini pwani hii ni nani asiyekula ndagala? Waulize na wazima, utawakuta nao walikula, wala hawakudhurika. Hapo ndagala huachiliwa huru, kama mtu aliyekamatwa kwa wizi kisha wakatokea mashahidi. Mwanadamu akipatwa na msiba hujiuliza, “Nimefanya nini?” Mchunguzi huliongeza swali la pili, “Na yule asiyepatwa, yeye amefanya nini?” Kati ya swali la kwanza na la pili ndipo palipo na darasa langu lote, mzee wangu. Kuchoma sindano nilijifunza kwa mwaka mmoja. Kuuliza swali la pili bila ya kujidanganya, huko ndiko kunakonitia mvi.

Wala tusidhani kuwa njia hii ni ya kigeni kwetu. Tabibu Abu Bakr al-Razi, aliyefariki karibu miaka elfu moja na mia iliyopita, ameacha maandiko ya kwamba alipowatibu watu wenye dalili za maradhi fulani ya kichwa aliwatoa damu baadhi yao, na wengine akawaacha kwa makusudi, apate kuona tofauti. Kuhusu manufaa ya kutoa damu katika maradhi yale matabibu wa leo hawakubaliani naye. Lakini aliona haja ya kuwatazama wale asiowapa dawa, na katika hilo alitangulia. Na hata katika pwani ya Uswahilini, Daktari James Christie, aliyekuwa tabibu Unguja wakati kipindupindu kilipoingia huko mwaka 1869, alipotaka kujua maradhi yamepita njia gani aliwahoji watu wa misafara na wafanya biashara waliotoka bara, akaunganisha safari zao moja moja, na mwaka 1876 akatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Jina la juu ya jalada ni lake, na ni haki yake. Ila ilimu iliyomo ndani ilitoka vinywani mwa wasafiri waliokuwa wakisema lugha hii ninayoisema sasa.

Ama yale maji ya chumvi na sukari yaliyomrudisha shangazi yangu, nayo ni matunda ya uchunguzi. Zamani mgonjwa wa kipindupindu hakuwa na tumaini ila la kutiwa maji mishipani, na maji hayo yalikuwa ghali na haba. Huko Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh ya leo, mwaka 1968 matabibu walionyesha kwa wagonjwa wenyewe ya kuwa utumbo ulioshindwa kunyonya chumvi peke yake waweza kuinyonya ikiwa imefuatana na sukari, na maji yakaja nyuma yake. Mwaka 1971, vita ilipowakimbiza watu kwa mamilioni, Daktari Dilip Mahalanabis aliitumia dawa hiyo katika kambi ya wakimbizi mpakani mwa Bengali, ikanyweshwa na jamaa za wagonjwa wenyewe kwa vikombe, na vifo vikashuka sana. Mama zangu, kijiko nusu cha chumvi na vijiko sita vya sukari, vile vidogo vya chai, vilivyopimwa sawasawa bila kilima, katika lita moja ya maji safi. Hayo mwayajua nyote. Nimeyataja ili mjue kuwa kikombe kile kilianza katika daftari la mchunguzi.

Sasa nina malalamiko, na nitayasema kwa adabu. Uchunguzi ule wa Rumonge ulikuwa kazi njema, nami nawashukuru walioufanya. Lakini naomba mkono wa yeyote humu ndani aliyepata kuusikia kabla ya leo. (Nanyamaza kidogo nione.) Naona mkono mmoja, na huyo ni mwuguzi mwenzangu. Katika wale wazima 112 huenda alikuwamo baba wa mtu fulani aliyeketi hapa. Alitoa jibu lake, akaenda zake ziwani, akafa bila ya kujua kuwa jibu lake limesomwa ulimwenguni kote. Hii ndiyo sababu ninasema kuwa twahitaji wachunguzi waliozaliwa hapa. Sisemi kuwa mgeni hawezi kuhesabu. Ila akimaliza kuhesabu hurudi kwao, ambapo mtoto wa hapa akimaliza atakutana nanyi sokoni, na mtamdai.

Hali hii inaanza kubadilika, na mfano ulio karibu uko ng'ambo ya ziwa, Uvira, mkabala wa Bujumbura. Mwanafunzi mmoja wa kike wa chuo kikuu cha London kinachofundisha tiba ya nchi za joto, jina lake Aurélie Jeandron, aliufanya mji huo kuwa somo lake la shahada ya udaktari wa falsafa. Hakumchoma mtu sindano. Alichukua madaftari ya namna mbili: daftari la mitambo ya maji, lililoandikwa kila siku ni kiasi gani cha maji kimesukumwa kwenda mjini, na daftari la wodi ya kipindupindu, lililoandikwa kila siku wamelazwa wagonjwa wangapi. Akayaweka bega kwa bega, tangu mwaka 2009 mpaka 2014. Akaona ya kuwa kila mitambo iliposimama siku nzima, basi katika siku 12 zilizofuata wagonjwa waliodhaniwa kuwa na kipindupindu waliongezeka kwa 155 katika kila 100, yaani walizidi mara mbili na nusu ya wale wa siku ambazo maji yalitoka vizuri. Na akakadiria ya kuwa karibu robo ya wagonjwa wote waliolazwa, 23.2 katika kila 100, maradhi yao yalifungamana na kukatika kwa maji. Hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 2015. Mkubwa wa mji akiambiwa na watu, “Maji yanakatika, twateseka,” aweza kusema kuwa watu wamezoea kulalamika. Akiwekewa hesabu hiyo mezani hana pa kukimbilia.

Lakini nani aliyeifanya kazi hiyo? Ni Jeandron, naam. Ni na karani wa mitambo ambaye jina lake halijulikani, aliyeandika tarakimu yake kila siku, hata siku ambazo mshahara ulichelewa, na mwuguzi wa wodi aliyeandika tarehe bila ya kukosea. Hapa sina budi kujitoa aibu mimi mwenyewe. Nilipokuwa kijana, katika zahanati moja nisiyoitaja, nimepata kuandika neno “homa” kwa wagonjwa kumi mfululizo bila ya kuwapima, kwa sababu jua lilikuwa linazama na nalitaka kuwahi gari. Mchunguzi atakayelifungua daftari lile leo ataona homa kumi siku moja, atadhani ni balaa limeingia kijijini. Na balaa lilikuwa ni mimi! Sikulijua kosa langu mpaka nilipofundishwa kulisoma daftari kwa jicho la pili.

Mfano mwingine uko karibu zaidi, hapo Kabezi kwa jirani zetu. Mwaka 2011 Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa na kituo huko cha kuwapokea wazazi wenye shida, na magari ya wagonjwa yaliyopanda vilimani kuwachukua katika nyumba tisa za uzazi. Baadaye wakaketi wakahesabu. Magari yaliitwa mara 1,478 katika mwaka huo. Tangu simu ya kuita gari mpaka mama kufikishwa kituoni, muda wa kati ulikuwa dakika 78. Na palipopita saa tatu, hatari ya kichanga kufa katika siku zake za mwanzo ilizidi sana. Gharama yake ilikuwa euro 61 kwa kila mzazi aliyechukuliwa. Mama zangu wa Muhuta, nyinyi mwaijua barabara yetu, ziwa upande mmoja na mlima upande wa pili. Mwaukumbuka mwaka 2015 mlima ulipoporomoka Gitaza ukaifunga njia. Kila mmoja hapa ajua kuwa kuchelewa ni hatari. Ila “kuchelewa” ni neno, na saa tatu ni kipimo. Kwa kipimo hicho mtu aweza kuomba gari la pili, akaonyesha ni vijiji gani vilivyo nje ya saa hizo.

Nimekuja sasa kwenye jambo zito, nalo ni damu. Nilipokuwa mtoto tulikatazwa kuupita usiku mti fulani karibu na njia, kwa kuhofia mumiani. Sisi wasomi hucheka tukiyasikia haya. Mimi sicheki tena. Wakati mmoja, nikiwa mwuguzi, walikuja wageni wa kazi moja ya uchunguzi, wakachukua damu ya watu wa kijiji, watoto kwa wakubwa, wakawapa kila mtu kipande cha sabuni, wakaondoka. Mimi ndiye niliyekwenda nyumba kwa nyumba kuwashawishi watu wakubali, kwa sababu waliniamini. Wageni hawakurudi, wala barua haikuja. Miezi ikapita, mama mmoja akanijia mlangoni, akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, ile damu ya mtoto wangu mlioichukua, mliona nini?” Sikuwa na jibu. Hofu ya mumiani, ndugu zangu, ni ujinga kwa sura yake. Lakini ndani yake mna swali la haki, nalo ni hili: aliyechukua, amerudisha nini?

Kwa hiyo lazima mjue haki zenu, na nawaomba mzishike barabara, hata mbele yangu. Uchunguzi wowote wa afya unaowahusu watu wapaswa kwanza kupelekwa mbele ya halmashauri ya maadili, na kupata ruhusa yake. Yeyote ajaye mlangoni kwako yampasa akuonyeshe ruhusa hiyo, akueleze kwa lugha uifahamuyo anatafuta nini na atakifanyia nini alichokichukua. Una haki ya kukataa, na ukikataa dawa yako zahanati haipungui hata kidonge kimoja. Waweza pia kukubali leo ukajitoa kesho. Na jina lako halitachapishwa. Asiyekueleza haya, mfungie mlango, ijapokuwa amevaa koti jeupe.

Kuna na jambo la maiti, ambalo Sheikh wetu amenipa idhini nilitaje. Kipindupindu hakikutuacha; tarehe 1 Januari 2023 serikali ilitangaza tena kuwa kimeingia. Maiti wa kipindupindu hubaki na vijidudu vingi. Huko Guinea-Bissau, Afrika ya Magharibi, kilipozuka mwaka 1994, wachunguzi walikwenda vijiji kwa vijiji wakatazama mazishi. Wakaona ya kuwa maradhi yalifuata pale ambapo maiti hakutiwa dawa ya kuua vijidudu na watu wakala chakula cha matanga. Si kwamba maiti anyimwe haki yake, hasha. Haki yake aweza kupewa, kwa watu wachache, kwa maji yaliyotiwa klorini, kwa mipira ya mikono, na mwoshaji asishike chungu cha matanga. Naliogopa kuwa Masheikh watakasirika nikilisema hili, kumbe Sheikh alinijibu kwa neno moja tu: “Nionyeshe namna ya kuchanganya hiyo klorini.” Nalitamani waliomu katika vyuo vikuu wote wangekuwa na wepesi huo wa kufundishika.

Nirudi kwa mzee wangu. Uliniuliza nasoma nini. Nasoma ili niweze kuuliza katika pwani hii, kuanzia Gitaza kuteremka mpaka Magara, swali ambalo halijanitoka tangu siku ile maktabani: kwa nini mtu ambaye bomba liko karibu naye bado huteka ziwani? Labda bomba halitoi. Labda dumu la bombani lina bei naye hana. Labda maji ya ziwa ni matamu kwake, kama yalivyokuwa kwangu. Labda ni sababu ambayo mimi, kwa kuwa nimesoma, sitaiwaza kamwe mpaka mtu anieleze. Na nitauliza pia juu ya maji ya kutilia udhu, kwa wale watiao udhu ukingoni wakasukutua. Sisemi kuwa udhu unaleta maradhi, tafadhali mtu asitoke hapa akasema kuwa nimesema hivyo. Nasema sijui, na kwa kuwa sijui nitauliza, na nitawauliza wazima mara mbili ya wagonjwa.

Na liko la Jumuiya. Bwana Mwenyekiti, mfuko wetu wa elimu umesomesha vijana wengi, na kila mmoja wetu aufurahia. Kijana akitoka na cheti cha uganga twampigia vigelegele, twamwoza, twamwonea fahari. Akisema kuwa anataka kuendelea mbele katika uchunguzi, twamwona mvivu anayekimbia kazi. Kwa hiyo wachache walio na moyo huo huuacha njiani. Bujumbura pana Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanza mwaka 1964. Dar es Salaam ipo Muhimbili, na Kampala ipo Makerere, na tangu mwaka 2007 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na Tanganyika ya zamani na Uganda. Na Kamisheni ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki makao yake yako hapo hapo Bujumbura, mwendo wa gari moja kutoka hapa. Milango iko. Naomba Kamati itenge, katika kila vijana wanne inaowasaidia, mmoja wa masomo ya juu ya uchunguzi, na mwaka wa kwanza awe binti. Natoa sababu yangu waziwazi: mambo mengi ninayohitaji kuyajua yako jikoni, kisimani na katika nyumba za uzazi, na huko mimi nikibisha hodi hujibiwa, “Baba watoto hayupo.” Binti akibisha hodi hukaribishwa ndani akapewa kigoda.

Najua kuwa wako watakaosema kuwa fedha hazitoshi. Ni kweli, hazitoshi. Mweka hazina ananitazama.

Kwa upande wangu, nimeweka mambo mawili mbele ya Kamati, yakaandikwa katika kumbukumbu za mkutano. La kwanza, kazi yangu itakapomalizika nitarudi katika ukumbi huu, siku ya Ijumaa baada ya sala, niwasomee nilichokiona, kwa Kiswahili na kwa Kirundi, kabla hakijapelekwa kokote kuchapishwa. Kama sikuona kitu, nitawaambia kuwa sikuona kitu. La pili, karatasi yenye matokeo hayo itabandikwa mlangoni mwa zahanati na pale wanapoanikia ndagala, iwe kwa herufi kubwa.

Na ruhusa ya halmashauri ninayo hapa mkononi. Katibu ataipitisha muione, yenye mhuri. Jumamosi ijayo, Inshallah, dada wawili wataanza kupita nyumba za karibu na ziwa, kila mmoja na daftari la jalada la buluu. Wakija kwako nawe huumwi, tafadhali usiwaambie kuwa wamekosea nyumba.